Mungu Alinipa Mgongo wa Kumwinua Mutua

Bwana asifiwe sana! Asifiwe na nyinyi mlioketi humu ndani, na asifiwe na wale wamesimama kwa dirisha kwa sababu jengo letu limekuwa dogo. Mimi ni Beth Ndunge, mke wa Mutua, Mama Mwende. Mnajua mimi si mtu wa kupanda hapa mbele. Kina mama wakiitwa kuimba, mimi husimama mstari wa nyuma kabisa. Lakini leo nikinyamaza nitakuwa nimemnyima Mungu haki yake, na hiyo siwezi.

Ndugu zangu, kwa wageni ambao hawatujui, mume wangu Mutua alikuwa fundi wa mawe. Nyumba nyingi mnazoziona hapa Kikima, kona zake alizinyoosha yeye. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi akifanya kazi. Ungemsikia kabla hujamwona. Halafu siku moja, kwa mjengo huko mjini Wote, mbao alizokuwa amesimama juu yake zilifunguka akaanguka kutoka ghorofani. Hakufa. Mungu alimhifadhi. Lakini uti wa mgongo uliumia vibaya, na tangu siku hiyo, kutoka kifuani kwenda chini, hasikii kitu. Ukimchoma na sindano kwa paja hajui.

Tulikaa hospitalini mpaka nikazoea harufu ya dawa kama harufu ya jikoni kwangu. Halafu wakatuambia twende nyumbani. Nikapewa mume wangu, kiti cha magurudumu, mpira wa mkojo wa kubadilishwa na nesi, na maagizo. Mgeuze usiku na mchana asipate vidonda. Muoshe. Mkalishe kwa kiti apate hewa. Mrudishe kitandani. Na akiumwa kichwa ghafla huku anatoka jasho, mketishe wima haraka, uangalie kama mpira umeziba, utafute msaada mara moja, kwa sababu presha inaweza kumuua.

Nikasema ndiyo, nimesikia. Kusikia ni rahisi.

Ndugu zangu, acheni niwaambie ukweli ambao sisi tunaokaa na wagonjwa hatuusemi. Mtu asiyesikia miguu yake ni mzito kuliko gunia la mahindi. Na gunia halikuangalii usoni likikushinda. Mimi nilikuwa mwanamke mnene, wa kukaa kwa cherehani kutoka asubuhi, magoti yanalia nikipanda kutoka kisimani. Kila asubuhi nilimshika Mutua chini ya mabega nikavuta kwa nguvu za hasira. Mgongo ukaanza kuniuma. Nikafunga leso kiunoni nikaendelea. Nilikuwa nimeamua kwamba upendo peke yake utatosha kumbeba.

Haukutosha.

Ilikuwa asubuhi, nimemaliza kumuosha, namtoa kitandani kwenda kwa kiti. Nilipogeuka, kitu kikanikata hapa chini ya mgongo kama panga. Mikono ikaachilia. Tukaanguka wote wawili, yeye chini, mimi juu yake, kiti kikarudi nyuma mpaka ukutani. Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Yeye naye hawezi. Tukalala pale kwa sakafu ya simiti, maji ya kuoga yakipoa kwa beseni, tukiita. Nyumba yetu iko kwa mteremko, majirani wako ng'ambo ya mashamba, na watu walikuwa wameenda kulima.

Mutua alikuwa anaangalia mabati. Halafu akasema, "Beth, nipeleke kwa ndugu yangu Muthama."

Nikamwambia, "Nyamaza, Baba Mwende."

"Sinyamazi. Utakufa ukinibeba, na nikibaki mimi, nani atakuzika vizuri?"

Nililia, ndugu zangu. Nililia kwa sababu alikuwa anaongea ukweli.

Mama Kioko, jirani yangu, ndiye alitupata jua likiwa limepanda. Aliita vijana wakatuinua. Na habari kama hiyo hailali. Jumapili hiyo hiyo shemeji yangu Muthama alikuja kutoka mji wa Salama. Muthama ni ndugu mkubwa wa Mutua, ana duka barabarani kule, na si mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Alikunywa chai, akasema ana chumba nyuma ya duka, hakuna ngazi, na kuna vijana wa kazi wenye nguvu. Mutua akae huko. Mimi nitakuwa naenda kumwona.

"Shemeji," aliniambia, "hakuna anayekulaumu. Umejaribu. Lakini huwezi."

Hilo neno liliingia likakaa. Huwezi. Nilimwangalia Mutua, na Mutua alikuwa anaangalia mikono yake. Nikajua atakubali, kwa ajili yangu, na nikajua pia akienda kukaa nyuma ya duka la mtu, peke yake na vijana asiowajua, hatamaliza mwaka. Nikamwambia Muthama, "Nipe mpaka mvua ziishe. Zikiisha na bado siwezi, nitamfungia nguo zake mimi mwenyewe."

Alikubali. Nafikiri alinihurumia tu.

Nilipobaki peke yangu jikoni niliomba. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, Mungu wangu, nilikuwa nakuomba umfanye Mutua asimame. Bado nakuomba. Lakini leo naomba unisimamishe mimi.

Tulipoenda kliniki mjini Wote nilimweleza Mbithe. Mbithe ni msichana wa kufanyisha wagonjwa mazoezi, binti mdogo wa sauti ndogo, lakini hacheki na mtu. Alinipima mgongo akaniambia mfupa uko sawa, misuli ndiyo imelala. Akaniuliza, "Mama, wewe unamfanyisha baba mazoezi ya mikono kila siku. Na wewe nani anakufanyisha?" Akaniwekea video kwa simu, programu ya mazoezi ya nyumbani, isiyotaka mashine yoyote. Akasema, "Ukiifanya mara moja moja haitakusaidia. Ukiifanya hata siku ambayo hutaki, itakusaidia."

Basi nikaanza. Eee, ndugu zangu! Huyo dada wa kwenye video alikuwa amelala kwa zulia safi nyuma yake kuna maua. Mimi nilikuwa kwa uwanja wangu juu ya gunia, mbuzi wananiangalia. Yeye anachuchumaa na kuinuka kama anacheza. Mimi nilichuchumaa, nikabaki huko chini. Nilishika mlango ndio nikainuka. Kuna zoezi la kujinyoosha kama ubao, umeegemea viwiko na vidole vya miguu. Nilikaa ubao muda wa kusema "Baba yetu uliye" na tumbo likaanguka chini.

Mutua alikuwa ananitazama kutoka mlangoni kwa kiti chake, alikokuwa amewekwa na wale vijana waliotuinua. Tangu aanguke alikuwa hajacheka. Siku hiyo alicheka mpaka akakohoa. Nikasema, hata kama sitapata kingine, hiki nimepata.

Maneno yalikuja. Mnajua kijiji. Walisema Mama Mwende amechanganyikiwa kwa sababu ya shida, anarukaruka uwanjani kama msichana. Mtu mmoja wa kanisa letu, sitamtaja, aliniambia hayo ni mambo ya dunia, mama aliyeokoka anafaa kupiga magoti, si kuchuchumaa. Nilimjibu kwa upole kwamba magoti yenyewe yalikuwa yamekataa kupigwa.

Ndugu zangu, adui yangu mkubwa hakuwa hao. Ilikuwa ni ile asubuhi ya kawaida tu. Asubuhi ya baridi, ukungu umefunika milima ya Mbooni, mgonjwa hajalala vizuri, na hakuna mtu atajua ukiacha. Hapo ndipo vita vilikuwa. Mara nyingi niliketi kwa kitanda nikasema leo hapana. Halafu naona kiti cha magurudumu pale kando, na nasikia lile neno la shemeji. Nilikuwa natoka nje nikinung'unika. Nilichuchumaa nikinung'unika. Mungu hakukataa mazoezi yangu ya manung'uniko! Wiki zikapita. Nikaanza kuinuka bila mlango. Nikaanza kubeba jerikeni la maji, kisha mawe na mifuko ya mchanga, kwa kuinama vile Mbithe alinionyesha, nyonga zikirudi nyuma, mgongo umenyooka, kitu unachobeba kikiwa karibu na kifua. Nikaacha kufunga leso kiunoni. Sikumbuki ni lini. Niliiona tu siku moja imeanikwa kwa kamba nikashangaa.

Sasa kulikuwa na jambo la kutembea. Mbithe alitaka nitembee haraka, na baadaye nikimbie kidogo, moyo upate nguvu. Binti yetu Mwende, anayefanya kazi Mombasa, alikuwa amenitumia raba nzuri, nene, za soli iliyoinuka kama mkate. Kwa lami huenda ni nzuri. Kwa njia zetu za mawe na mteremko zilinipindua kifundo mara mbili, na visigino vikaniuma. Nikamweleza Mbithe. Akaniambia kuna watu husaidiwa na kiatu chepesi, soli nyembamba isiyoinuka kisigino, mguu unasikia ardhi na unajishika wenyewe. "Lakini mama," akasema, "pole pole sana. Mguu uliolala miaka mingi hauamshwi kwa fujo."

Raba nyembamba za hivyo nilizipata kwa mitumba hapa sokoni Kikima. Nyeusi, laini, unaweza kuzikunja ukaziweka mfukoni. Aliyekuwa anauza alifikiri ni za mtoto za kucheza densi. Mama Kioko alipoziona akashika mdomo. "Aiya! Mama Mwende, viatu umesahau nyumbani, umekuja na soksi?"

Nilivaa hizo raba nikasikia kila jiwe. Nilisikia nyasi yenye umande, nilisikia udongo uliolimwa na ule ambao haujalimwa. Nilirudi kuwa msichana anayeteremka kwenda mtoni pekupeku kwa mama yangu. Nikapata furaha, na furaha ikanifanya nisahau aliyoniambia Mbithe. Nilikimbia mpaka kanisani na kurudi. Kesho yake, ndugu zangu, mashavu ya miguu yalikuwa magumu kama kuni! Nilishuka kitandani nikitambaa. Mutua akasema, "Sasa tuko wawili tusiotembea. Nani atapika?"

Ningeacha hapo. Wengi huacha hapo. Lakini nilipumzika, miguu ikapoa, nikaanza tena kama mtoto. Nikazivaa kwa kuzunguka nyumba tu. Halafu mpaka kwa Mama Kioko. Halafu njia ya kisima. Hatua fupi fupi, mguu ukishuka taratibu. Sisemi ndivyo viatu vya kila mtu. Mwenye sukari au ganzi miguuni asivae kabla hajaongea na daktari. Nasema tu vile ilikuwa kwangu. Visigino vilinyamaza. Na siku moja nilikimbia mpaka kisimani bila kusimama, nikashika mti, nikalia kwa furaha mpaka waliokuwa wanateka maji wakaniuliza nimefiwa na nani.

Mvua zikaja. Na mwaka huo zilikuja kwa fujo. Njia ya kwetu ikakatika pale chini, lile daraja dogo la kalavati likasombwa na mto, bodaboda hazipiti. Stima zikapotea siku kadhaa. Simu zote zikazima, yangu na za majirani.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa nashona karibu na mlango, Mutua amelala kidogo. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Beth, kichwa. Kichwa kinapasuka." Nikaingia. Uso ulikuwa mwekundu, jasho linamtiririka usoni na shingoni, na hali ya hewa ilikuwa baridi. Nikaangalia mfuko wa mkojo. Ulikuwa mtupu. Nikafuata mpira kwa mkono, haujakunjwa popote, hakuna kinachopita. Umeziba.

Mketishe wima. Haraka.

Ndugu zangu, sikufikiria mgongo wangu. Nilipanda kitandani, nikaweka miguu vizuri, nikamkumbatia chini ya mabega, kifua kwa kifua, nikainuka na nyonga vile nimeinua jerikeni na mawe na mifuko ya mchanga asubuhi zote zile. Na Mutua akaja! Mzima mzima! Nikamketisha wima, nikateremsha miguu yake kando ya kitanda, nikafungua mshipi na vifungo, nikamwegemeza kwa mito. Nikatoka mlangoni nikapiga kelele mpaka Mama Kioko akaja akipita kwa mashamba. Nikamwambia, "Mshike hivi. Usimruhusu alale hata akikuomba."

Mutua akanishika mkono. "Beth, mto umejaa."

Nikamwambia, "Nimeusikia kutoka jana. Naenda."

Nilikimbia. Udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni, na mimi nilikuwa nausikia chini ya vidole, nikijua wapi panashika na wapi panadanganya. Pale kalavati lilipokuwa, sikuingia kwenye maji makubwa, mimi si mjinga. Nilipanda juu na ukingo mpaka penye mawe mapana, maji hayafiki magotini, nikavuka nikishikilia matawi. Halafu kilima. Mnakijua kile kilima cha kutokea kwa dispensari. Zamani nilikuwa nakipumzikia njiani mara tatu nikiwa na mwavuli tu. Siku hiyo nilikipanda nikisema neno moja kwa kila hatua: Yesu. Yesu. Yesu. Kifua kilikuwa kinawaka, na miguu haikusimama.

Nesi Musyoki, yule anayembadilishia Mutua mpira, alikuwa anafunga mlango aende chakula. Pumzi ilikuwa imeniisha. Nilionyesha kidole upande wa kwetu nikasema, "Mpira. Umeziba. Presha." Hakuuliza la pili. Alichukua mkoba na mashine ya presha, tukashuka naye. Pale mtoni yeye ndiye alikuwa anaogopa, mimi ndiye nilimshika mkono.

Tulimkuta Mutua bado ameketi, Mama Kioko amemkumbatia kwa nyuma, wote wawili wamelowa jasho, na Mama Kioko anaimba kwa sauti ya kutetemeka. Musyoki alipima presha, akafanya kazi haraka. Alitoa ule mpira akaweka mwingine. Mkojo ukaja. Ndugu zangu, mimi nimesikia kwaya nyingi katika maisha yangu, lakini ile sauti ya mkojo ukiingia kwa mfuko! Uso wa Mutua ukaanza kurudia rangi yake. Musyoki akapima tena, na tena. Halafu akaketi kwa stuli, akafuta uso, akasema, "Mama, angebaki amelala chali, au ungefika kwangu umechelewa, tungekuwa tunaongea mambo mengine saa hii."

Haleluya! Mpeni Mungu makofi, si mimi!

Mvua zilipoisha Muthama alikuja, vile tulikubaliana. Alikuja na gari la kukodi na godoro nyuma. Nilimkaribisha. Nilimwambia tu, "Shemeji, ngoja nimtoe Baba Mwende aje akusalimu." Nikaingia chumbani. Alikuja nyuma yangu akasimama mlangoni, mikono tayari, kama mtu anayengoja kitu kianguke. Mutua akanizungushia mikono shingoni. Nikaweka miguu, nikahesabu naye, nikamwinua kutoka kitandani, nikageuka, nikamweka kwa kiti chake. Taratibu. Hata blanketi halikuanguka.

Muthama akavua kofia, akasema, "Shemeji, nionyeshe vile unaweka miguu. Wikendi nitakuwa nakuja kukupokea, na wewe upumzike."

Na amekuja. Hata jana alikuwa kwetu. Lile godoro alituachia.

Ndugu zangu, najua wengine wenu mlingoja niseme Mutua ametembea. Hajatembea. Ninaamini Mungu anaweza, na kila jioni tunamwomba. Lakini muujiza niliokuja kuwaambia leo ni huu: Mungu alichukua mwanamke aliyelala kwa sakafu akiita, akamwinua asubuhi kwa asubuhi, kwa kuchuchumaa na kuinuka, mpaka akawa na nguvu za kubaki na mtu wake. Hakunipa nguvu hizo kwa siku moja. Nashukuru hakunipa kwa siku moja, maana ningezipoteza kwa siku moja.

Namshukuru yeye. Namshukuru Mbithe, Nesi Musyoki na Mama Kioko, ambaye, mkimwona, mwambieni asinung'unike sana kwa sababu sasa ninamtoa asubuhi tufanye pamoja.

Na sasa nimalize. Humu ndani yupo mtu aliye na mgonjwa nyumbani. Mama aliye na mtoto asiyetembea. Binti anayemgeuza nyanya yake. Mzee anayemuosha mke wake na hajawahi kumwambia mtu. Mgongo unakuuma, umechoka, na umeambiwa huwezi, au umejiambia mwenyewe. Mwamini Mungu huyu niliyemwamini. Mwambie unachotaka, halafu uinuke ufanye kile kidogo unachoweza leo, na kesho, hata ukinung'unika. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapa nje kwa uwanja wa kanisa na gunia langu. Njoo na lako. Usione haya, hakuna atakayekucheka. Na kama huko nyumbani hakuna wa kukaa na mgonjwa wako ili uje, nyoosha mkono sasa hivi. Usinyooshe kwa Mungu tu, nyoosha tuuone, sisi tuliokaa karibu nawe, ili tujue tutakuja kwa nani.

Naona mkono pale nyuma. Asante, mama. Naona na ule wa dirishani. Msishushe bado. Ndugu zangu, waangalieni hao. Waangalieni vizuri, mjue wanakaa wapi.